Bushi za kemshafti za Triumph 650: bronzi ipi inunuliwe, na pesa iende wapi

Ukipasua injini ya pikipiki ya Triumph 650 kutoka kiwanda cha Meriden, Uingereza, ile ya kuanzia 1963 yenye injini na giaboksi ndani ya kasha moja, utakutana na bushi nne za kemshafti, yaani pete za metali ambamo zile shafti mbili zinazofungua vali huzunguka: mbili kulia upande wa gia za taimingi, mbili kushoto. Leo sokoni zinauzwa za bronzi ya unga, za bronzi yenye risasi, na za bronzi ya aluminiamu. Tathmini hii inazipima kwa pikipiki ya barabarani, yaani 6T, TR6 na T120, si kwa ya mashindano.

Tuseme mapema tunachokiamini. Seti ya bei ya kati inatosha kabisa, mradi tundu lake liwe limeachwa dogo ili likwanguliwe baada ya bushi kubanwa mahali pake. Inayoharibu injini ni seti ya bei kubwa iliyotobolewa hadi kipimo cha mwisho kiwandani, ikauzwa kwa maneno "pachika uende". Hakuna bushi ya kupachika uende kwenye krenkesi, yaani kasha la injini, ya aluminiamu.

Bushi hizi zinaishi maisha gani

Pampu ya oili ya injini hii inapeleka presha kwenye krankshafti, na roka zinapata zake kutoka kwenye bomba la kurudisha oili tangini. Bushi za kemshafti hazina bomba. Za kulia zinategemea oili inayotuama upande wa gia, za kushoto zinategemea matone yanayorushwa na krankshafti. Ile njia ya ziada iliyoongezwa mwaka 1966 inalisha tapeti za egzosi, si bushi. Kwa hiyo tunahitaji metali inayoweza kuvumilia oili chache injini inapowashwa ikiwa baridi, na inayoweza kumeza uchafu bila kukwaruza shafti, kwa sababu kichujio cha asili ni wavu tu. Uchafu mwembamba unanaswa na mrija wa tope ndani ya krankshafti, hadi siku mrija unapojaa.

Mzigo unatoka juu. Springi za vali zinasukuma kupitia fimbo na tapeti hadi kwenye nundu za kemu, basi bushi huliwa upande wa chini na tundu linakuwa yai. Kulia kuna nguvu ya gia pia, kwa hiyo pale ulaji huenda pembeni kidogo.

Kabla ya kutoa hela, pima

Bushi hizi hudumu sana, na nyingi zinatupwa zikiwa bado nzima. Ondoa fimbo za vali kwanza ili kemshafti isibanwe na springi. Fungua kifuniko cha taimingi, egemeza ncha ya saa ya kupimia juu ya nati ya gia ya kemu, kisha inua na kushusha kwa mkono. Sindano ikicheza mm 0.05 hadi 0.07, acha ilivyo. Ikizidi mm 0.10, yaani elfu 4 za inchi (sehemu 4 kati ya 1,000 za inchi), panga kubadilisha. Kipimo hiki kinahusu kulia tu. Kushoto hakuonekani hadi krenkesi ipasuliwe, na hiyo ndiyo sababu ya kupima zote nne kila injini inapokuwa chini kwa kazi nyingine. Saa nyingi za kazi zinaishia kwenye kufungua na kufunga.

Dalili ambayo mafundi wengi wanaisoma vibaya iko kwenye platini, zile ncha zinazofungua na kufunga umeme wa moto wa plagi. Kwenye injini hizi platini zinakaa kwenye ncha ya kulia ya kemshafti ya egzosi. Nafasi yake ni mm 0.35 hadi 0.40. Bushi ya egzosi ikicheza mm 0.15, ule mchezo wote unahamia kwenye nafasi ya platini: unaweka sawasawa injini ikiwa imesimama, ikizunguka inakuwa kitu kingine. Ukiimulika kwa taa ya taimingi, alama inarukaruka badala ya kusimama. Sili ya oili nyuma ya platini nayo inavuja kwa sababu shafti inayumba ndani yake. Mwenye pikipiki anabadilisha sili, anabadilisha tena, mwishowe ananunua mfumo wa moto wa elektroniki. Rota ya mfumo huo nayo inafungwa kwenye ncha ileile ya kemshafti, na inayumba vilevile.

Kuna kipimo kisichohitaji chombo. Fungua kifuniko kidogo cha platini, zungusha injini hadi platini zifunguke, kisha sukuma kwa kidole gumba, kwa upande, ile bolti ya katikati. Tazama mwanya. Ukibadilika huku kile kifaa cha kuwahisha moto kimekaa imara kwenye kemshafti, tatizo ni bushi. Kifaa chenyewe kikiyumba, hujafika kwenye bushi bado, anza na hicho.

Bronzi ya unga: kushoto, ndiyo

Kiwandani bushi za kushoto zilikuwa za bronzi ya unga, na za kulia zilikerezwa kutoka kwenye nondo ya bronzi. Mpango huo ulikuwa na akili, na tunashauri usibadilishwe bila sababu.

Bronzi ya unga ni takriban shaba 90 na bati 10 kwa mia. Unga unashinikizwa ndani ya kalibu kisha unaokwa bila kuyeyushwa. Vinabaki vitundu vidogo mno, karibu moja ya tano ya ujazo wote, navyo vinajazwa oili. Bushi nzuri ya aina hii ukiiacha juani dakika chache inatoa jasho la oili, na ikipoa inalinyonya tena. Hicho ndicho kinachoikoa kemshafti ya kushoto katika zile sekunde za mwanzo kabla krankshafti haijaanza kurusha oili.

Udhaifu wake uko mikononi mwa fundi. Rima butu, yaani kile kifaa cha kukwangua tundu hadi kipimo, haikati vitundu bali inavipaka na kuviziba. Uso unang'aa kama kioo, mteja anafurahi, kumbe bushi imekufa. Uso mzuri una rangi ya kufifia, na ukiutazama kwa lensi unaona vidoti. Usiisugue kwa msasa wala jiwe, kwa kuwa chembe za mchanga zinaingia kwenye vitundu na hazitoki. Kuanzia hapo bushi inakuwa msasa wa kudumu unaokata shafti. Na usiioshe kwa petroli. Ikiwa imeshaoshwa, ikaushe, kisha iloweke kwenye oili ya injini iliyopashwa moto hadi viputo viache kutoka, uiache ipoe humohumo ndani ya oili. Kupoa ndiko kunakovuta oili iingie, kwa hiyo ukiitoa ikiwa ya moto umefanya nusu ya kazi.

Kwa bei yake, hakuna kinachoishinda upande wa kushoto. Alama 4 kati ya 5, na ile moja tunaikata kwa sababu seti nyingi zinakuja zimekauka kwenye mfuko wa plastiki bila neno lolote kuhusu kulowekwa.

Bronzi yenye risasi: kulia, na hata pande zote

Inayojulikana zaidi ni SAE 660: shaba 83, bati 7, risasi 7, zinki 3 kwa mia. Risasi haichanganyiki na shaba, inabaki kama madoa laini ndani ya metali. Chembe ya uchafu ikipita, inazama kwenye laini hiyo badala ya kusimama na kuchora shafti. Oili ikipungua, risasi inapakaa usoni na kuzuia kung'ang'aniana. Inakerezwa kwa urahisi, na vinyoleo vyake ni vifupi, vinamwagika kama chumvi ya mawe.

Ndugu yake ni bronzi ya fosforasi, PB1, yenye bati karibu 10 kwa mia na haina risasi ya maana. Ni ngumu zaidi na inabeba mzigo mkubwa zaidi, lakini inadai oili ya uhakika na shafti ngumu. Kwa upande wa kulia unaooga oili inafaa. Kushoto hatuipendi. Muuzaji akikuandikia "bronzi" peke yake bila kusema ipi, muulize. Asipojua, tafuta mwingine.

SAE 660 tunaipa alama 5 upande wa kulia. Kushoto inafanya kazi pia, kwa sharti moja: tundu la oili la bushi lilingane na tundu la krenkesi, kwa kuwa bronzi hii haina akiba ya oili ndani yake. Likikosea milimita mbili, tatu, bushi itakauka bila kelele yoyote.

Bronzi ya aluminiamu: usinunue

Inasifiwa kuwa "haiishi", na kweli yenyewe haiishi upesi. Ugumu wake ni mara mbili na zaidi ya SAE 660. Lakini kwenye beringi ya aina hii tunataka bushi iliwe, shafti ibaki. Bushi ni kitu cha kubadilisha. Kemshafti nzuri ya Triumph si ya kuokotwa. Bronzi ya aluminiamu inataka oili ya presha na shafti ngumu iliyosuguliwa hadi kung'aa. Kwenye bushi inayoishi kwa matone inang'ang'ania chuma, inararua uso, na vipande vyake vinaelekea kwenye krankshafti. Kuna mahali pake, kwa mfano viti na miongozo ya vali. Hapa si mahali pake. Alama 1.

Hili linawahusu sana mafundi wa pwani. Vipande vizito vya bronzi vinavyouzwa kwenye vyuma chakavu karibu na bandari, Mombasa au Tanga, mara nyingi vimetoka kwenye rafadha za meli, na rafadha hutengenezwa kwa bronzi ya nikeli na aluminiamu, au ile inayoitwa bronzi ya manganizi ambayo kwa kweli ni jamii ya shaba na zinki. Zote mbili ni imara sana baharini, na zote ni mbaya kwa bushi hizi. Utazitambua kwenye mashine ya kukereza: rangi inaelekea dhahabu, zana inalia, na vinyoleo vya ile ya aluminiamu ni vigumu, vinajikunja badala ya kumwagika. Ukiona hivyo, simamisha mashine. Nondo ya SAE 660 yenye maandishi ya kiwanda ni ghali kuliko chakavu, lakini kwa bushi nne unahitaji kipande kifupi tu.

Kutoa za zamani

Nati za gia za kemu zina nyuzi za kushoto, zinafunguka kwa kuzungusha kama mshale wa saa. Zimeshavunjwa nyingi kwa kusahau hilo. Ile ya kemu ya inteki (ya vali za kuingiza) ndiyo pia inayoendesha pampu ya oili kwa kipini chake, kwa hiyo kagua kipini na kile kidude cha mraba kinachoteleza juu yake. Gia zitoke kwa pula, si kwa bisibisi mbili. Kabla ya kuzitoa, weka alama ni mfereji upi wa ufunguo umetumika, maana gia ina mitatu.

Bushi za kulia zinagongwa kwa fimbo yenye ngazi baada ya krenkesi kupashwa moto hadi kama nyuzi 100. Za kushoto haziwezi kugongwa kutoka nje. Ingiza tapu (kifaa cha kukata nyuzi) ya inchi 7/8 ya Whitworth ndani ya bushi, kata nyuzi za kutosha, toa tapu, pasha moto krenkesi, funga bolti ya kipimo hicho, bana kichwa cha bolti kwenye jiliwa, kisha gonga krenkesi kwa nyundo ya ngozi ili iondoke kwenye bushi. Usitumie tapu yenyewe kama wenzo. Tapu ni ngumu lakini inakatika kama biskuti, na kipande kilichobaki ndani kitakugharimu krenkesi. Kwenye injini za kabla ya 1970, nyuma ya bushi ya inteki kushoto kuna kisahani cha kupumulia na springi yake. Vikague. Na bushi mbili za kushoto hazina urefu mmoja, usizibadilishane.

Kuingiza: hesabu inayosahaulika

Chukua tundu la krenkesi la mm 25 kama mfano. Kutoka nyuzi 20 hadi 100, aluminiamu inapanuka karibu mm 0.046, na bronzi ya kipimo hicho mm 0.036. Yaani injini ikichemka, bushi inapoteza mm 0.010 ya mkazo, yaani kile kiasi ambacho nje ya bushi inazidi tundu la krenkesi. Ndiyo maana mkazo wa kuanzia uwe mm 0.04 hadi 0.05. Bushi inayoingia kwa kidole krenkesi ikiwa baridi itazunguka ndani ya krenkesi injini ikipata moto, na ikizunguka, tundu la oili linajiziba lenyewe. Tundu la krenkesi likiwa limeshapanuka, agiza bushi yenye nje kubwa zaidi. Gundi ya kushikilia beringi ni msaada, si mbadala wa mkazo.

Pasha krenkesi ndani ya oveni hadi nyuzi 120, si kwa moto wa gesi wa upande mmoja. Bushi ilale friza usiku kucha. Tofauti hiyo inakupa karibu mm 0.03 ya uhuru, na bushi inadondoka yenyewe ikiwa umeiweka wima. Una sekunde chache tu, kwa hiyo chora mstari kwa kalamu kwenye bushi na kwenye krenkesi kuonyesha tundu la oili lilipo. Kulia, ukingo wa bushi ukae sawa na uso wa krenkesi.

Baada ya hapo tundu la ndani limejikunja karibu sawa na mkazo wote. Bushi iliyouzwa ikiwa na kipimo cha mwisho sasa ni ndogo kwa mm 0.04, na shafti haiingii, au inaingia kwa kulazimishwa. Hapo ndipo watu wanapochukua msasa.

Rima, na nani aishike

Mikono ya kemshafti, yaani sehemu zake zinazozunguka ndani ya bushi, ni takriban inchi 0.810 kushoto na 0.873 kulia. Pima ya kwako kwa maikromita sehemu tatu, kisha jumlisha elfu 1.5 za inchi, hiyo ndiyo nafasi tunayoipenda. Elfu 1 ni ya mwisho chini, 2.5 ya mwisho juu.

Nusu zote mbili za krenkesi lazima zifungwe pamoja kwa bolti zake wakati wa kukwangua, na ziwe jozi halisi. Namba zilizogongwa chini zifanane. Rima ya kushoto iongozwe na tundu la kulia, ili matundu yawe kwenye mstari mmoja. Ukikwangua kila nusu peke yake mezani, kila shafti itapita vizuri kwenye nusu yake, na ukifunga injini itakaza. Huduma hii ndiyo ya kulipia. Unapotafuta fundi, muulize swali moja: unaongoza rima kwa nini? Akijibu "kwa jicho", shukuru uende zako. Fundi anayefunga krenkesi pamoja, akatumia rima kali na kukata kidogokidogo bila kurudisha nyuma, anastahili malipo makubwa kuliko bei ya bushi zenyewe. Gereji za Nairobi zinazoandaa magari na pikipiki za zamani kwa ajili ya mashindano ya Concours pale Ngong Racecourse ni mahali pazuri pa kuulizia, kwa kuwa kazi hii si ya kila fundi wa bodaboda.

Kemshafti ikipakwa oili nyepesi na kuzungushwa kwa vidole viwili, izunguke bila kugoma popote. Ikigoma sehemu moja, paka rangi ya bluu ya kukagulia uone inapogusa. Nafasi ya mbele na nyuma ya shafti iwe elfu 13 hadi 20 za inchi. Ikipungua, bushi haikuingia hadi mwisho.

Osha vinyoleo kwa oili nyepesi na hewa, si petroli, kama kushoto ni bronzi ya unga. Bushi zipakwe oili ya injini tu; dawa nzito ya molibdeni ni ya nundu na tapeti. Unapounganisha krenkesi, hakikisha jino la kisahani cha kupumulia limeingia kwenye mfereji wa kemu ya inteki kabla ya kukaza bolti, la sivyo litapinda na injini itatema oili kila mahali. Kama kemshafti ni mpya, injini ikiwaka tu ipandishe hadi kama mizunguko 2,000 kwa dakika, ikae hapo dakika 15, isiachwe ikizunguka polepole kwenye sailensa. Mwaga oili baada ya kilomita 80, itazame kwenye sahani nyeupe, kisha funga kichujio cha karatasi kwenye bomba la kurudisha oili.